Simeoni Nsibambi na Jina la Walokole



Sisi wa Mbulu na Hanang tunajua vizuri habari ya kupewa jina na mtu mwingine. Wairaqw wengi wamezoea kuitwa Wambulu, ingawa hilo ni jina la mji. Ndugu zetu Wadatoga huitwa Wamang'ati, na hata tambarare iliyo chini ya Mlima Hanang imechukua jina hilo. Lakini Mang'ati ni neno la Kimasai, na maana yake ni adui. Hebu fikirini. Mtoto anazaliwa, anasoma shule, anakua, na kila apitapo mnadani anaitwa adui, wala wanaomwita hawakumbuki tena kwamba neno lile lilitoka katika vita vya ng'ombe vya zamani.

Makanisani mambo ni yale yale. Wakatoliki tunawaita Waroma, kana kwamba walizaliwa Roma. Walutheri wanachukua jina la Martin Luther, ambaye mwenyewe aliwasihi watu wasijiite kwa jina lake. Sisi Waanglikana, ambao katika wilaya hizi si wengi, tunabeba jina lenye maana ya Kiingereza, hali wengi wetu hatujawahi kuvuka bahari. Tena liko jina moja linalopita katika madhehebu yote, na kila mtu hulitamka kwa sauti yake. Mmoja hulitamka kwa furaha, mwingine kwa kebehi. Jina hilo ni Walokole.

Tukiri mapema kwamba sisi wenyewe tuliwahi kulitumia kwa kebehi. Ilikuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni ilikuwa adimu nchini na kipande kimoja kilifichwa kama fedha. Katika bweni letu alikuwamo mwanafunzi mmoja aliyeamka kabla ya mapambazuko kuomba. Jioni moja alitujia akiwa na nusu mche wa sabuni, akasema kwamba muhula uliopita alichukua wetu bila ruhusa, na sasa anarudisha. Sisi hata hatukujua kwamba uliibiwa. Badala ya kumshukuru tulicheka, tukaisimulia habari ile bweni zima, na tangu siku hiyo hakuitwa tena kwa jina lake. Aliitwa Mlokole mpaka tulipomaliza chuo.

Kwa sababu hiyo, mwezi huu tumeona vema kusimulia maisha ya Simeoni Nsibambi wa Uganda, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kubandikwa jina hilo. Huenda tukijua lilikotoka tutajifunza namna ya kulitamka.

KUZALIWA NA KUSOMA

Simeoni Nsibambi alizaliwa Buganda mwaka 1897, katika nyumba ya chifu. Nchi aliyozaliwa ilikuwa imetoka tu katika vita vya majina. Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kifaransa wakafika mwaka 1879. Waganda waliobatizwa na hawa na wale wakaanza kuitwa Bangereza na Bafaransa, yaani Waingereza na Wafaransa, ingawa wote walikuwa Waganda waliokula ndizi za shamba moja. Mwaka 1886 walikuwa wamechomwa moto pamoja kule Namugongo kwa ajili ya Kristo mmoja. Lakini haikupita miaka mingi, mwaka 1892, wenye majina hayo mawili wakapigana wao kwa wao kwa bunduki katika mji mkuu, Mengo. Miaka mitano baada ya vita hivyo ndipo Nsibambi alipozaliwa. Tunataja jambo hili ili ieleweke kwamba jina la kundi si mchezo. Laweza kuanza kama njia ya kumtambua mtu, likaishia kuwa sababu ya kumwaga damu.

Kijana Simeoni alisoma Mengo High School, kisha King's College Budo, shule iliyofunguliwa mwaka 1906 na kusomesha wana wa machifu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alihudumu katika kikosi cha tiba cha Waafrika. Vita vilipokwisha, mwaka 1920, alipata kazi kubwa ya afya katika serikali ya Buganda. Alikuwa kijana wa kuonewa wivu: mwenye elimu, mshahara, ardhi na jina zuri. Kanisani alikuwa Mkristo kama wengine, amebatizwa na kuhesabiwa.

NAFASI ILIYOKOSEKANA

Nsibambi alikuwa na tumaini moja kubwa kuliko yote, nalo ni kwenda ng'ambo kuendelea na masomo. Wako waliopata nafasi hiyo, lakini yeye alikosa. Jambo hilo lilimwuma sana, na sisi tuliofundisha miaka mingi tunaufahamu uchungu wa namna hiyo. Tumeuona katika nyuso za watoto wenye akili ambao majina yao hayakutokea katika orodha ya waliochaguliwa.

Katika uchungu huo, mwaka 1922, Nsibambi aliona kama Mungu anasema naye. Alielewa ndani ya moyo wake kwamba hata kama angepata masomo yale, yasingekuwa kitu mbele ya uzima wa milele, na kwamba ubatizo wake na nafasi yake katika kanisa vilikuwa bado havijaugusa moyo. Tangu hapo alianza kusoma Biblia kwa bidii na kuwashuhudia watu. Mwaka 1925 akamwoa Eva Bakaluba, nao wakajaliwa watoto wengi. Mmoja wao, Apolo Nsibambi, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda tangu mwaka 1999 hata 2011.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa Nsibambi alikuwa kama mtu anayetembea peke yake. Aliona kanisa kubwa, lenye maelfu ya waliobatizwa na machifu kwenye viti vya mbele, lakini aliona pia ulevi, uchawi wa siri na ndoa za mafichoni. Alihisi kwamba kanisa limelala, na hakujua la kufanya.

SIKU MBILI ZA NAMIREMBE

Mwezi wa Septemba mwaka 1929 alifika Kampala Dakta Joe Church, Mwingereza aliyehudumu katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda. Huyu dakta alikuwa amechoka mwili na roho. Rwanda ilikuwa imepatwa na njaa kali, watu wengi walikufa, na kazi yake aliiona haina nguvu. Alikwenda Kampala kupumzika, na kumbe alikuwa anapelekwa kukutana na mtu.

Katika kilima cha Namirembe, penye kanisa kuu, walionana yeye na Nsibambi. Kila mmoja alimkuta mwenzake ana kiu ile ile. Kwa siku mbili walikaa pamoja na Biblia, wakifuata kifungu baada ya kifungu habari za Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Leo jambo hili laonekana dogo. Siku zile haikuwa kawaida Mzungu na Mwafrika kukaa meza moja na kukiri kila mmoja upungufu wake mbele ya mwenzake bila mmoja kuwa mwalimu na mwingine mwanafunzi. Wengi waliosimulia habari za Uamsho wa Afrika Mashariki huanzia siku mbili hizo.

Dakta Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Nsibambi naye aliacha kazi ya serikali, akawa mhubiri asiyelipwa na mtu. Hakuwa kasisi wala shemasi, na hakupata kuwa hata kufa kwake. Alivua viatu, ambavyo siku zile vilikuwa alama ya msomi na mwenye cheo, akatembea miguu mitupu na kanzu yake, akiwauliza aliokutana nao kama wameokoka. Watu walimwona ameharibikiwa na akili. Mtu wa Budo, mtoto wa chifu, kuwa pekupeku barabarani! Ndugu na marafiki waliona aibu.

MOTO WA GAHINI

Kule Gahini mambo hayakuwa mepesi. Mganga msaidizi mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, alikuwa amechoshwa na kazi, akitaka kuondoka. Alipofika Namirembe kumwona Nsibambi, aliulizwa kwa nini hali ya hospitali ile ni mbaya. Kinuka akataja makosa ya wenzake na ya wakubwa. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwa upole kwamba shida imo ndani ya moyo wake yeye Kinuka. Hakuna kati yetu apendaye kujibiwa hivyo. Lakini Kinuka alirudi Gahini akiyatafakari maneno hayo safari nzima, na alipofika alikuwa amekwisha kujitoa kwa Kristo. Wafanyakazi wa hospitali walianza kuungama, na wengine wakarudisha vitu vya hospitali walivyokuwa wameiba.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini mwaka 1929 kuwa mwalimu. Alifundisha kwa bidii, na mwaka 1934 akafanywa shemasi, lakini aliona kazi yake haizai matunda. Mwaka 1935 alijifungia juma zima kuomba na kufunga. Alipotoka jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa mkewe kumwomba msamaha. Baada ya hapo alikwenda kwa wanafunzi wake, na shule ikabadilika.

Basi watu waliowazunguka wakawatafutia jina. Kule Gahini waliitwa Abaka, yaani wanaowaka moto. Buganda waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Neno lenyewe halina ubaya wowote. Kuokoka ni jambo tunalolisoma katika Injili na kuliimba kila Jumapili. Ubaya ulikuwa katika sauti. Mtu alipolitamka alikuwa na maana ya kwamba hawa ndio wanaojidai wamefika mbinguni kabla yetu, hawa ndio wanaoamka usiku kupiga kelele, hawa ndio wanaotangaza dhambi zao hadharani na kututia aibu na sisi. Wenyewe, walipokuwa pamoja, waliitana Ab'oluganda, yaani ndugu.

Msomaji na ashike jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yetu. Watu hawa walikuwa na majina mawili. Moja walipewa na watu wa njiani, na jingine waliitana wakikaa pamoja. La kwanza hawakulitafuta, na lilipokuja hawakupigana nalo. La pili ndilo waliloliishi.

MSIBA NA MAJARIBU

Januari 1936 Blasio alikwenda Kampala kwa ajili ya Sinodi ya Kanisa la Uganda. Alikuwa ameandaa mambo matatu ya kuuliza: kwa nini kanisa limepoa na kufa, kwa nini wanaoishi katika dhambi ya wazi wanakaribishwa Meza ya Bwana, na nini kifanyike ili kanisa liamke. Kabla Sinodi haijakutana aliugua homa ya kupe, na tarehe 25 Januari akafariki, akiwa bado kijana. Askofu aliyapeleka maswali yake mbele ya Sinodi. Neno alilopenda kulihubiri, Zukuka, maana yake Amka, likaenea kuliko alipokuwa hai.

Nsibambi alimzika mdogo wake aliyempenda. Nafasi ya Blasio huko Gahini ilichukuliwa na William Nagenda, aliyekuwa karani wa serikali, naye alimwoa Sala, ndugu yake Eva mke wa Nsibambi. Hivyo familia moja ilibeba mzigo mkubwa wa kazi hii.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1941 katika chuo cha makasisi cha Mukono. Nagenda na wenzake walikuwa wakikutana kabla ya alfajiri kuomba, na walisema waziwazi juu ya wizi na uzinzi uliokuwamo chuoni. Uongozi wa chuo uliona wanaleta mafarakano, ukatoa amri ya kuzuia mikutano yao. Hawakutii, na wanafunzi 26 wakafukuzwa. Kwa wengi wao ndoto ya ukasisi iliishia hapo. Nagenda hakupata kuwekewa mikono, ingawa alikuja kuhubiri katika nchi nyingi za dunia hata kufa kwake mwaka 1973.

Tuwe wenye haki katika jambo hili. Viongozi wa chuo walikuwa na sababu za kuogopa. Kijana anayemwambia mwalimu wake mbele ya watu kwamba hajaokoka si mwepesi kumwongoza. Kulikuwa na majivuno ndani ya baadhi ya Walokole, na wao wenyewe baadaye walikiri hivyo. Lakini tazameni lile ambalo hawakulifanya. Walipofukuzwa hawakuanzisha kanisa lao. Wengi wangewafuata, lakini walikaa katika Kanisa la Uganda, katika viti vya nyuma, wakiendelea kuwapenda maaskofu waliowatilia shaka. Miaka 25 baadaye, mwaka 1966, Erica Sabiti, ambaye naye aliitwa Mlokole, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa kanisa lile lile. Aliyemfuata, Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 katika utawala wa Idi Amin, alikuwa ndugu wa ushirika huo pia.

JINA LINAFIKA KWETU

Uamsho haukukaa Uganda na Rwanda tu. Mwaka 1937 ulifika Kabete, Kenya. Mwaka 1939 ujumbe wa ndugu ulifika Katoke, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambapo palikuwa na chuo cha walimu. Sisi walimu tunaona fahari kidogo kwamba mlango mmoja wa Uamsho kuingia Tanganyika ulikuwa chuo cha ualimu. Katika miaka ya 1940 mwalimu Festo Kivengere, aliyekuja kuwa Askofu wa Kigezi, alitoka Uganda kufundisha Dodoma, akashuhudia huko kwa miaka mingi. Yohana Omari, aliyefanywa askofu msaidizi wa Tanganyika ya Kati mwaka 1955, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika, naye aliguswa na Uamsho huu. Ndugu Walutheri wa upande wa Bukoba waliupokea vilevile. Hivyo ndivyo Balokole wa Kiganda walivyogeuka kuwa Walokole wa Kiswahili.

Kila kabila lilitunga jina lake. Wakikuyu waliwaita Ahonoki, waliookoka, na wengi wao waliteswa na hata kuuawa katika miaka ya 1950 kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, hali baadhi yao walikataa pia kuchukua bunduki za serikali. Waluo waliwaita Joremo, watu wa Damu, kwa sababu walihubiri sana juu ya Damu ya Yesu.

Hapo ndipo tunapoona upande mwingine wa majina. Kwa Waluo kulitokea pia Johera, watu wa Upendo, na mwaka 1957 kundi hili likiongozwa na Mathew Ajuoga likatoka katika Kanisa la Anglikana na kuwa kanisa la peke yake. Watu wa Damu na watu wa Upendo hawakuweza kukaa chini ya paa moja, kana kwamba Damu ile haikumwagwa kwa upendo! Huko Uganda nako, katika miaka ya 1960 na 1970, walitokea Bazukufu, yaani walioamka upya, walioona kwamba Walokole wa zamani wamesinzia na ya kuwa mtu aliyeokoka hapaswi hata kuwa na deni. Wakawakosoa ndugu waliowazaa kiroho, na ushirika ukapasuka. Jina lililoanza kama dhihaka ya watu wa nje sasa likawa ua, na waliolijenga ni watu wa ndani.

MIAKA YA CHUMBANI

Na Nsibambi mwenyewe alikuwa wapi wakati haya yote yakitokea? Alikuwa nyumbani kwake. Yapata mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 44 hivi, aliugua, na afya yake haikurudi tena. Mtu aliyezunguka Kampala akitembea pekupeku alibaki nyumbani kwa miaka 37, karibu nusu ya maisha yake. Wakati Uamsho ulipovuka mipaka, wakati mikutano mikubwa ilipokusanya maelfu ya watu wakiimba Tukutendereza, mwanzilishi wake hakuwapo jukwaani.

Angeweza kuwa na uchungu, maana hii ilikuwa mara ya pili wengine kusafiri na yeye kubaki, kama ilivyokuwa katika ujana wake aliposubiri masomo ya ng'ambo. Lakini alikaa na Biblia yake, akaomba, na watu wakamjia. Walikuja wakulima, makasisi, maaskofu, na wageni kutoka nchi za mbali. Alimpokea kila mmoja, akamuuliza habari za roho yake, akaomba naye, akamwacha aende zake. Hakujenga shirika na hakuliita kundi lolote kwa jina lake. Ndiyo maana leo maelfu huitwa Walokole bila kujua kwamba kulikuwa na Simeoni Nsibambi. Alifariki mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, bado akiwa mshiriki wa kawaida wa Kanisa la Anglikana.

TUJIFUNZE NINI

Kwanza, tusiogope kupewa jina. Wanafunzi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza kule Antiokia, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 11, na wenyewe kabla ya hapo waliitana ndugu na wanafunzi. Akina John Wesley walipokuwa Oxford waliitwa Wamethodisti kwa mzaha, kwa vile walipanga kila jambo kwa saa na kwa utaratibu. Leo majina yote mawili yamechongwa katika mawe ya makanisa. Anayekucheka kwa ajili ya wema wako anakupa tu kazi ya kulisafisha lile jina.

Pili, tusilifanye jina kuwa ua. Wako katika makanisa yetu wanaokutana kwa maombi ya usiku, na wako wasiokutana. Wa kwanza huitwa Walokole, nao huwaita wa pili Wakristo wa jina au vuguvugu. Siku hizi, watu wanaposema Walokole, mara nyingi wanafikiria makanisa ya Kipentekoste, na kijana wetu anayeomba kwa bidii huulizwa kwa nini haendi huko kwa wenzake. Swali hilo limewatoa vijana wengi katika kanisa lao. Wangeweza kukaa kama walivyokaa wale 26 wa Mukono, kama tungewaita ndugu. Na wao nao wajiulize: lile swali la Nsibambi la kuokoka, je, wanaliuliza kama mtu anayefungua mlango au kama mtu anayerusha jiwe? Nsibambi aliliuliza akiwa amekwisha kuvua viatu vyake mwenyewe.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa bweni. Baada ya chuo tulipangiwa shule tofauti, na miaka mingi ikapita. Katika miaka hiyo sisi tulifundisha, tukasomesha watoto wetu, na, tuseme kweli, daftari na chaki za stoo ya shule zilipata njia ya kufika nyumbani kwetu. Kila mara tulipozichukua tuliikumbuka ile nusu ya mche wa sabuni, na kila mara tuliifukuza kumbukumbu.

Siku moja, mnadani Katesh, tulimwona mtu mwenye mvi akichagua mbuzi. Kwa mazoea ya zamani tulimwita kwa sauti, Mlokole! Watu wakageuka kumtazama. Yeye hakukasirika. Alikuja, akatushika mkono kwa mikono yake miwili, akatuita ndugu, akauliza habari za nyumbani. Alikuwa hajasahau hata jina la baba yetu. Tulisimama pale tumeona haya, maana kwa miaka mitatu ya chuo, na hata siku ile, hatukuwahi kumwita kwa jina alilobatizwa.

Tulipostaafu tulinunua daftari kwa fedha ya kiinua mgongo, tukazipeleka katika shule tuliyofundisha mwisho, tukamweleza mwalimu mkuu kwa nini. Alistaajabu kidogo, akazipokea. Nyuma yetu, tulipokuwa tukitoka ofisini, tulisikia mwalimu mmoja kijana akinong'ona na mwenzake, kisha wakacheka. Neno walilolitumia tulilitambua. Tuliondoka tukiwa na furaha ambayo hatukuwa nayo kwa miaka mingi.

Bwana atujalie kuitana ndugu. Amina.